Karo Nyeupe Nyuma ya Nyumba

Wiki tatu zilizopita nilimwita fundi aje kubandika karo, vile vigae vya kung'aa, kwenye ukuta wa jiko langu. Ni mtu mpole, mwenye mkono mwepesi, na sina neno juu ya kazi yake. Lakini asubuhi ya kwanza, alipowasha mashine ya kukatia na diski ikagusa karo, harufu ile ikatoka: udongo ulioungua zamani ukiunguzwa tena, umechanganyika na maji ya moto. Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini, nikatoka nje, nikasimama getini mpaka akazima mashine. Mume wangu alidhani vumbi limeniingia machoni, nami nikamwacha aamini hivyo.

Ninyi mliokulia Kalemie wakati wetu mna harufu zenu za utoto: ndakala, wale dagaa wa ziwa, zikikauka juu ya mchanga, mawese yakichemka, nguo za shule chini ya pasi ya makaa. Mimi utoto wangu unanuka karo. Papa alikuwa fundi wa karo, na watu walimfuata hasa kwa ajili ya kona zake.

Karo ya ukutani ni nyeupe usoni tu. Ndani ni nyekundu kama tofali. Pale ukuta unapogeuka, fundi akibandika karo mbili moja ikipita nyingine, ule wekundu unabaki ubavuni kama jeraha lililosahauliwa. Mafundi wengi waliupaka simenti nyeupe wakaenda zao. Papa hakukubali. Aliilaza karo kifudifudi, akaukata ukingo wake kwa mshazari kutokea mgongoni, kidogo kidogo, akisimama unywele mmoja kabla ya kufika kwenye weupe. Halafu ya pili vilevile. Alipozikutanisha, zilikuwa kama karo moja iliyokunjwa kwa mkono, kama karatasi. Kisha alipitisha pamba juu ya kona. Pamba ikinasa hata uzi mmoja, alibomoa akaanza upya.

"Karo iko na uso na mugongo," aliniambia siku moja. "Mugeni haonyeshwe mugongo."

Tuliishi upande wa chini wa mji, karibu na ziwa, kwenye nyumba ya matofali yenye migomba nyuma. Mama aliuza ndakala sokoni. Nilikuwa mtoto wa pekee, nina miaka saba au minane, na Mama alikuwa na mimba kubwa. Nilikwisha kuwaambia wenzangu wote shuleni kwamba nitambeba mtoto mgongoni peke yangu, bila kusaidiwa. Siku moja Papa alitupeleka kuona bafu alilolimaliza kwa mfanyabiashara mmoja aliyeleta karo kutoka Kigoma. Mama alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, akaangalia weupe ule muda mrefu.

"Mutoto wangu huyu," akasema, "ningependa kumuosha mu kitu kama hii."

Papa alicheka. "Azaliwe kwanza."

Nkambo, mama yake Mama, alikuja kwa boti kutoka Zongwe kumngojea mtoto pamoja nasi. Alileta kikapu cha samaki na kitenge kipya ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyerudia neno. Nilimwogopa kidogo, na usiku nililala nimeshika ncha ya nguo yake.

Asubuhi Mama alipopelekwa materniti kujifungua, mimi nilipelekwa kwa jirani yetu, Mama Feza. Nilikaa kwake siku tatu. Alinipa ugali na mboga ya sombe, akanisuka nywele bila kunikemea nilipotikisika, na kila nilipouliza habari za mtoto alisema, "Kula." Siku ya tatu Nkambo alikuja kunichukua. Nyumbani, pazia la chumba cha Mama lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na kilio cha mtoto. Hapakuwa na wageni, wala nguo ndogo kwenye kamba.

"Nkambo, mutoto iko wapi?"

Nkambo alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Mutoto alirudia mu njia."

Ndivyo wazee wetu walivyosema, nanyi mmelisikia neno hilo. Lakini mimi nililichukua jinsi lilivyo. Niliona njia, ya vumbi jekundu kama ile inayopanda kwenda shuleni, na mtoto mdogo akija, halafu akasimama, akageuka, akarudi. Sikuhuzunika sana. Mtu aliyegeuka njiani anaweza kugeuka tena. Nilichotaka kujua ni kitu gani kimemfanya ageuke, na kwa siku kadhaa nilikagua nyumba yetu kwa macho ya mtu anayefika mara ya kwanza. Niliona paa linavuja upande mmoja. Niliona choo cha mabati. Niliona beseni letu la plastiki, lenye ufa uliozibwa kwa moto. Nikajisemea kwamba huenda ni lile beseni.

Kwa hiyo Jumapili ile Papa alipoleta mashine yake nyumbani, akatandika gunia chini ya ukingo wa paa na kupanga karo nyeupe juu yake, nilielewa mara moja. Ni karo zilizobaki kwa yule mfanyabiashara, ambaye alimwambia azichukue tu. Papa alipima na kukata. Nilimmiminia maji kwa kopo juu ya diski ili vumbi lisipande. Mapande yalikuwa madogo. Mawili yalikuwa marefu kidogo kuliko mkono wangu, mawili mafupi, na alipoyasimamisha juu ya gunia kujaribu kona zake, yalifanya sanduku jeupe lisilo na kifuniko.

"Papa," nikamwuliza, "hii njo ya mutoto?"

Alizima mashine. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Njo ya mutoto," akasema.

Kama ningekuwa fundi ningejua. Kona za bafu zinaingia ndani. Hazina haja ya kukatwa mshazari. Kona inayokatwa namna ile ni ya kitu kitakachoangaliwa kutoka nje. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichoona ni kwamba Papa, ambaye sikuwahi kumwona akivunja karo, asubuhi ile alivunja tatu. Kila mara aliyashika mapande mawili kwa kitambo, kama anayesahau la kufanya nayo, ndipo akachukua karo nyingine.

Mama alikuwa hajatoka chumbani tangu arudi. Nkambo alimkanda kwa maji ya moto, alimpa uji, na kumkataza jambo moja: kulia kwa sauti. Nilimsikia akisema nyuma ya pazia, kwa sauti yake ya chini, kwamba mtoto ambaye hakulia hatolewi machozi. Anayemlilia anawafungia njia wengine wanaokuja. Basi Mama alilia kimya. Nilijua kwa sababu nilipoingia kumpa maji, mto wake ulikuwa umelowa.

Mchana ule niliingia nikapanda kitandani kwake. Nilitaka kumpa furaha. Nilikuwa nimeibeba tangu asubuhi kama yai.

"Mama, usilie," nikamwambia sikioni. "Mutoto atakuja. Papa anamujengea bafu ya karo. Nyeupe. Nimeona mimi."

Mama aligeuza uso wake akaniangalia. Sijui niuseme vipi ule mtazamo. Halafu akaweka miguu chini. Alishika ukuta, akapita pazia, akampita Nkambo aliyesema, "Unaenda wapi na ile damu?" akatoka nje kwenye jua akiwa amejifunga kitenge kimoja tu, nami nikamfuata.

Papa alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia. Alipomwona, hakusimama. Mama aliangalia mapande yale manne kwa muda. Hakuuliza ni ya nini. Alikuwa mke wa fundi, na aliuliza swali la mke wa fundi.

"Nani alikupa kipimo?"

Papa alifuta mikono kwenye suruali. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu, na kwa mkono wa kulia akaonyesha: kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole.

Mama aliketi chini pale pale vumbini.

Mambo ambayo sikuwa nimeyajua ndiyo haya, na niliyajua pale kwa sababu waliyasema mbele yangu, wamesahau kwamba nipo. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Mama alikuwa amezimia kwa damu nyingi, na alipozinduka walikuwa wameshamwondoa. Papa alikuja mbio kutoka santie ya ujenzi akiwa na nguo za kazi, na pale mlangoni Nkambo alimwekea mikononi kitu kilichofungwa kwenye kile kitenge kipya. Papa ndiye aliyembeba mpaka nyumbani, kwa miguu, Nkambo akitangulia. Nyumbani wanawake walimpokea mtoto, wakamwambia Papa akae upande wa mbele. Walimzika nyuma, kwenye udongo wenye unyevu karibu na migomba, wakausawazisha udongo ili usijulikane.

"Ulimushika," Mama akasema.

"Nilimushika."

"Mimi hapana. Hawakunionyesha." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeuliza bei sokoni. "Alifanana na nani?"

Papa aliokota kipande cha karo, akakirudisha chini.

"Ninakuuliza, Papa. Alifanana na nani? Na mimi? Na huyu?" Akaninyooshea kidole.

"Sikufunua."

"Nini?"

"Sikufunua kitenge. Niliogopa." Papa alikuwa anaangalia ule mkono wake wa kushoto. "Kutoka kule mpaka hapa, njia yote, nilisema nikifika kwa muti ule nitafunua, nikifika kwa kanisa nitafunua. Sikufunua."

Mama alisimama. Nilidhani atampiga. Alirudi ndani, akafunga pazia, na kwa mara ya kwanza alilia kwa sauti, sauti kubwa iliyomfanya Mama Feza atoke kwake na kusimama kwenye ua, mikono kichwani. Nkambo aliingia kumnyamazisha. Hakuweza.

Jioni, kabla giza halijaingia, Nkambo alimkabili Papa. Alimwambia kwamba tangu mababu hakuna aliyemjengea kaburi mtoto asiyelia, kwamba anaweka jiwe juu ya tumbo la binti yake, na kwamba yeye hatakaa kuliangalia. Papa alimsikiliza kwa heshima, kichwa chini. Mwisho akasema, "Mama, mimi sina kitu ingine ya kumupa." Siku mbili baadaye Nkambo alipanda boti ya Zongwe. Nilimsindikiza mpaka ufukweni nikiwa nimebeba kikapu chake. Alinishika kidevu akanitazama usoni muda mrefu mno, mpaka wenye boti wakamwita.

Papa aliendelea. Alichimba kidogo, akajenga msingi wa matofali, akabandika karo ubavuni. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno yote, na bado sikuwa nimeelewa. Mtoto anaweza kushika maneno yote na asishike maana. Nilielewa siku alipoweka karo za juu. Niliona sanduku linafungwa.

"Papa, sasa ataingia wapi?"

Aliweka mwiko chini. Alinivuta, akanikalisha kwenye goti lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niwe mkubwa.

"Mutoto iko hapa chini," akasema. "Alikufa. Hakurudia mu njia. Hakuna njia. Nkambo wako anasema vile ili Mama apate nguvu, si uongo mubaya. Lakini weye nakuambia ya kweli: hatakuja."

Nilimpiga kifuani kwa ngumi zangu mbili. Nilimwuliza kwa nini amemfungia. Alinishika tu, bila kuzuia mikono yangu, mpaka nikachoka. Kisha akarudi kwenye kazi. Nilikaa chini nikamwangalia akipitisha pamba juu ya kona nane, nne za kusimama na nne za juu, pole pole. Hakuna uzi ulionasa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya, ndogo kuliko zote, na hakuna mwenye nyumba atakayekuja kuisifu.

Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa na adabu ya kutisha. Mama alimwambia Papa, "Chakula iko," naye akajibu, "Asante." Mama alihamisha mafiga kutoka nyuma ya nyumba akaweka mbele, ili asipite migombani. Mimi niliamini kosa ni langu. Kama nisingepanda kile kitanda na kusema neno la bafu, Mama asingetoka, asingeuliza, na Papa asingelazimika kusema kwamba aliogopa. Niliwaza hivyo shuleni, niliwaza hivyo kanisani, na hakuna aliyenitoa kwenye wazo hilo kwa sababu sikumwambia mtu.

Mvua zilipokwisha, shule zikiwa zimefungwa, Mama alifunga vitu vyetu kwenye kitambaa. "Tunaenda Zongwe," akasema. Papa hakuuliza sababu. Alitusindikiza mpaka kwenye boti na kusimama ndani ya maji mpaka magotini tulipoondoka.

Tulimkuta Nkambo ufukweni, akigeuza ndakala juu ya mchanga. Mama hakumsalimu jinsi inavyopaswa. Alipiga magoti mbele yake, kati ya samaki.

"Mama. Weye ulimuosha. Weye peke yako ulimuona. Niambie."

"Hayo hayasemwi."

"Niambie. Sitazaa tena, daktari alisema. Hakuna njia ya kufunga. Niambie mutoto wangu alikuwa namna gani."

Hilo la daktari mimi sikulijua. Wala Nkambo, nafikiri, kwa maana mkono wake ulisimama juu ya samaki. Nilidhani ataondoka. Alibaki ameinama, akichagua ndakala zilizovunjika na kuziweka kando, moja moja, na alipoanza kusema alisema na wale samaki, si na sisi.

"Alikuwa na nywele mingi. Nyeusi, mpaka shingoni. Sikio la kuume lilikuwa limekunjika kidogo kama jani. Vidole virefu, vya baba yake." Akaweka kando ndakala nyingine. "Uso ulikuwa wa huyu. Wa huyu kabisa, wakati alizaliwa. Nilifikiri ni huyu ameletwa mara ya pili."

Akanitazama mimi. Nami nilikumbuka mkono wake kwenye kidevu changu.

Nkambo akapangusa mikono yake kwa nguo yake, akaiweka kwenye mabega ya binti yake, na akasema kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayekiri kwa padri:

"Nilimuita. Nilipokuwa ninamuosha. Si ruhusa, ninajua. Lakini sikuweza kumupeleka bila jina. Nilimuita Kisimba, kama baba yako."

Walilia pamoja pale mchanga ukiwaka, wanawake wawili, kwa sauti, na watu wa Zongwe waliokuwa wakipita wakadhani kuna msiba mpya, wakaja wakaketi nao bila kuuliza. Kwa hiyo ndugu yangu alipata kilio chake baada ya yote, kwa watu wasiojua wanamlilia nani.

Tuliporudi Kalemie, Mama alimsubiri Papa anawe mikono, akampakulia ugali, akamwambia yote: nywele, sikio, vidole, uso, jina. Papa alisikiliza ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani. Alitoka nyuma ya nyumba, na chakula kikapoa. Sisemi kwamba baada ya hapo walikuwa kama zamani. Mama hakumsamehe kabisa, na nadhani Papa mwenyewe hakutaka asamehewe. Lakini mafiga yalirudi nyuma, karibu na migomba, na Mama alipika pale. Mtoto mwingine hakuja. Papa aliendelea na kona zake mpaka kifua kilipomshinda. Vumbi lile alilolivuta miaka yote lilimkaa ndani, akatuacha kabla sijaolewa.

Halafu ziwa likapanda. Mnajua, wengi wenu mlihama pia. Maji yalianza kwenye mchanga, yakaja barabarani, yakaingia kwa Mama Feza, yakaingia kwetu. Mama alikataa kutoka mpaka yalipofika kitandani. Nilimpandisha mlimani kwangu, na siku moja nikampeleka pale walipoandikisha watu waliopoteza nyumba. Tulipanga mstari tangu asubuhi. Dada mwenye daftari alikuwa amechoka, aliuliza bila kuinua macho.

"Jina, Mama? Nyumba ilikuwa upande gani? Watoto?"

"Wawili," Mama akasema.

"Huyu njo wa kwanza?"

"Huyu njo wa kwanza."

"Na wa pili iko wapi?"

Mama alinyoosha kidole kuteremka mlima, kule ambako mapaa ya mabati yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Yule dada aliinua macho, kalamu ikabaki hewani.

"Maji ilimubeba?"

"Hapana," Mama akasema. "Maji ilimukuta. Anaitwa Kisimba. Andika."

Dada aliniangalia mimi, kama anayeomba msaada. Nilimwambia aandike.